Sura ya 7: Kwa Nini Bodi Moja Inakubali na Nyingine Inakataa?

Wanaojifunza elektroniki, wawe wanafunzi wa vyuo vya ufundi au mafundi redio waliochoka kutengeneza vya wenzao na sasa wanataka kubuni vyao, huja na swali lilelile. Bodi ya kwanza niliyojitengenezea nyumbani ilitoka safi. Ya pili nikafuata hatua zilezile, kwa dawa ileile na pasi ileile, ikaharibika. Nimekosea wapi? Jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba mkono bado haujazoea, waendelee tu. Jibu hilo lina nia njema, lakini linamwacha mtu palepale alipokuwa, maana halimwambii abadilishe nini. Sura hii inatetea jibu jingine: bodi inakataa kwa sababu kuna kitu ambacho hakikupimwa. Na kati ya njia zote za kutengeneza bodi nyumbani, njia ya kutumia mwanga juu ya shaba yenye utando wa picha ndiyo inayokubali kupimwa kuliko nyingine zote.

Kwanza tuelewane kuhusu bodi yenyewe. Bodi ya saketi, ambayo mafundi wengi huiita PCB, ni kibao chembamba kisichopitisha umeme, kwa kawaida cha fibaglasi iliyogandishwa kwa gundi ya epoksi, chenye unene wa milimita 1.6. Juu yake imebandikwa shaba nyembamba mno: bodi ya kawaida dukani ina shaba ya maikroni 35, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Bodi mpya imefunikwa shaba upande mzima. Kazi yetu ni kuondoa shaba tusiyoihitaji, ibaki ile itakayokuwa njia za umeme kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Tunaiondoa kwa kuizamisha bodi katika dawa inayokula shaba, huku sehemu tunazotaka zibaki zikiwa zimefunikwa na kitu ambacho dawa haiwezi kukipenya. Tofauti za njia zote za nyumbani ziko hapo tu: kifuniko hicho unakiwekaje?

Mkono, pasi na mwanga

Njia ya kwanza ni kuchora kwa kalamu ya wino usiofutika. Inafaa kwa saketi ya taa mbili tatu, lakini mstari wa kalamu una upana wa karibu milimita moja, na wino wake una vitundu ambavyo dawa huvipenya. Njia ya pili, inayopendwa sana, ni ya pasi. Mchoro unachapwa kwa printa ya leza kwenye karatasi inayong'aa, karatasi inalazwa juu ya shaba, kisha inapigwa pasi mpaka tona, yaani unga wa plastiki unaofanya kazi ya wino kwenye printa hiyo, uyeyuke na kuganda kwenye shaba.

Watetezi wa pasi wana hoja nzito, na ni haki isikilizwe. Pasi iko kila nyumba. Haihitaji bodi maalumu, wala taa, wala giza. Kwa njia za umeme zenye upana wa nusu milimita na zaidi inatoa bodi nzuri, na mwenye mashine ya kulaminisha vitambulisho anaweza kuitumia badala ya pasi akapata matokeo bora zaidi. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama kinachoamua matokeo yake: joto la pasi, ambalo hupanda na kushuka kila kidhibiti kinapojiwasha na kujizima, uzito wa mkono, ambao katikati ya bodi si sawa na pembeni, aina ya karatasi, ambayo hubadilika kila ukinunua pakiti nyingine, na tona, ambayo kila printa ina yake. Hayo ni mambo manne, na hakuna hata moja lenye namba unayoweza kuiandika leo ukaifuata wiki ijayo. Bodi ikiharibika, hujui ni lipi kati ya hayo lililoharibu. Ndiyo maana wa pasi huambiwa azoee.

Njia ya mwanga inafanya kazi tofauti. Shaba inafunikwa kwa utando unaobadilika ukipigwa na mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho na inayopausha nguo zilizoanikwa. Mchoro uliochapwa kwenye plastiki angavu unalazwa juu ya utando, taa inawashwa kwa muda fulani, kisha bodi inaoshwa kwa dawa laini inayoondoa sehemu moja ya utando na kuacha nyingine. Baada ya hapo unabaki na picha ya saketi yako juu ya shaba. Kitu kikubwa kinachoamua matokeo ni muda wa mwanga, na muda unapimwa kwa saa.

Wala mbinu hii haikuanzia kwenye elektroniki. Katika miaka ya 1820, Mfaransa Nicéphore Niépce alipaka bamba la madini lami inayogeuka ngumu ikipigwa na mwanga, akaosha sehemu zilizobaki laini, na asidi ikachonga mchoro pale palipobaki wazi. Zaidi ya karne moja baadaye Paul Eisler, mhandisi kutoka Vienna aliyehamia Uingereza mwaka 1936, alichukua maarifa hayo ya wachapaji akayageuza kuwa njia ya kutengeneza saketi za redio, na mwaka 1943 akaomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake. Hadi leo wachapaji wa fulana na mabango kwa skrini hutumia kanuni hiyohiyo: skrini yao hupakwa emulsheni, huwekwa picha juu, hupigwa mwanga, huoshwa. Aliyewahi kufanya kazi ya skrini ameshajua nusu ya sura hii.

Utando wa aina mbili

Hapa wengi huchanganya, na kosa lake hugharimu bodi nzima. Bodi zinazouzwa zikiwa tayari zimepakwa utando, zikiwa na plastiki nyeusi au stika ya kuzuia mwanga juu, kwa kawaida ni za aina chanya: sehemu iliyopigwa na mwanga ndiyo inayoyeyuka. Kwa hiyo mchoro wako uwe na njia nyeusi juu ya plastiki angavu. Aina ya pili ni filamu kavu, utando mwembamba wa plastiki unaouzwa kwa roli na kubandikwa kwenye bodi ya kawaida kwa joto. Huo ni wa aina hasi: sehemu iliyopigwa na mwanga inakuwa ngumu na kubaki. Mchoro wake unageuzwa, njia zinakuwa angavu na kila kitu kingine cheusi. Filamu kavu ni nafuu kuliko bodi iliyopakwa tayari, lakini kuibandika bila vumbi wala mapovu ya hewa kunahitaji uvumilivu. Kwa anayeanza, bodi iliyopakwa tayari ni bora, kwa sababu inaondoa jambo moja ambalo lingeweza kwenda kombo.

Mchoro wenyewe una masharti yake. Weusi wake uwe mzito kiasi cha kuzuia mwanga. Kama printa ni dhaifu, chapa nakala mbili uzibandike moja juu ya nyingine zikilingana sawasawa. Upande wenye wino uguse utando moja kwa moja, kwa hiyo chapa mchoro ukiwa umegeuzwa kama unavyoonekana kwenye kioo. Wino ukibaki juu, unene wa plastiki unaacha mwanya ambamo mwanga unapenya pembeni na kuzila njia nyembamba. Na kabla ya kuondoka stesheneri, hakikisha kompyuta yao haikupunguza ukubwa ili mchoro uenee kwenye karatasi. Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, chukua aisii, yaani kile kidude cheusi chenye miguu mingi, uilaze juu yake. Miguu yake inaachana milimita 2.54. Kama mguu wa kwanza umekaa mahali pake na wa mwisho umepotea, mchoro umepunguzwa.

Kipande cha majaribio

Hoja ya sura hii yote inasimama juu ya kipande kidogo cha bodi, chenye upana wa vidole viwili. Kikate kutoka kwenye bodi ileile utakayotumia. Lazia juu yake mchoro wenye mistari ya upana tofauti, funika kwa kioo, kisha funika karibu kipande chote kwa kadibodi, ukiacha sehemu ndogo wazi. Washa taa. Kila baada ya sekunde 30 sogeza kadibodi kidogo. Mwisho wake sehemu ya kwanza itakuwa imepata dakika tano za mwanga, inayofuata dakika nne na nusu, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho iliyopata nusu dakika tu. Kizamishe kwenye dawa ya kuoshea utando.

Sasa kiangalie kwa makini. Kwenye bodi chanya, sehemu zilizopata mwanga wa kutosha hutoa wingu la rangi majini, shaba ikabaki tupu na njia zikasimama zenye kingo kali. Zilizopata kidogo hubaki na ukungu mwembamba ambao jicho huweza kuukosa. Zilizozidishiwa, mistari yao huanza kukonda. Ukungu ndio adui mkubwa, kwa kuwa bodi huonekana imekamilika na dawa ya kula shaba inakataa kuila. Dawa yenyewe inaweza kuufichua: zamisha kipande kwa sekunde kumi au kumi na tano, kitoe, kioshe. Shaba tupu imegeuka ya waridi na imepoteza mng'ao. Palipobaki ukungu bado panang'aa kama pipa jipya la bati. Chagua muda mfupi zaidi uliosafisha kila mahali, ongeza kidogo, uandike: aina ya bodi, taa, umbali wa taa, muda. Karatasi hiyo ndiyo inayofanya bodi ya mwezi ujao ifanane na ya leo, na hakuna karatasi ya namna hiyo kwa pasi.

Kwa ufupi, bodi chanya ikikataa:

- Shaba hailiki mahali palipopaswa kuwa wazi: mwanga haukutosha, au dawa ya kuoshea ni dhaifu.
- Njia zimekonda au zimekatika: mwanga umezidi, au weusi wa mchoro ni hafifu.
- Utando wote umeondoka kwa sekunde chache: dawa ya kuoshea ni kali mno.

Taa itoke wapi?

Wanaopinga njia hii husema inahitaji mashine ya bei. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Leo taa ya kukaushia rangi ya kucha aina ya jeli, inayopatikana saluni nyingi mjini, hutoa mionzi ileile ambayo utando unaihitaji. Kasoro yake ni kwamba mwanga wake hauenei sawa; bodi kubwa hupata mwingi katikati na kidogo pembeni. Inyanyue taa juu zaidi ya bodi, ongeza muda, na ujaribu tena kwa kipande. Kioo cha kawaida cha dirisha kinatosha kubana mchoro juu ya bodi, kwani hakizuii sehemu ya mionzi tunayoitumia.

Kuna pia jua, na sisi tulio karibu na Ikweta tunalo kwa wingi. Jua la adhuhuri linaweza kumaliza kazi kwa dakika chache. Lakini jua halitulii. Wingu likipita hesabu inaharibika, na mionzi hiyo huongezeka kwa karibu asilimia kumi kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo muda wa Mombasa si muda wa Nairobi. Anayetumia jua afanye jaribio na bodi yenyewe saa ileile, siku ileile, mbingu ikiwa safi. Kwa mwenye taa, hata taa duni, ningependekeza aliache jua. Taa duni isiyobadilika inapimika kuliko jua kali linalobadilika.

Kuhusu giza, usihangaike. Utando hauhisi mwanga wa manjano. Chumba chenye pazia na balbu ya manjano kinatosha. Epuka tu tyubu nyeupe na dirisha lililo wazi.

Kostiki na magadi

Dawa ya kuoshea bodi chanya ni kostiki soda, ileile ya watengenezaji wa sabuni, ila kwa kiasi kidogo sana: gramu 7 hadi 10 kwa lita moja ya maji. Mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali inafaa. Kijiko hakifai, kwa sababu kostiki iliyokaa wazi hunywa unyevu wa hewa na kijiko kilekile hubeba nguvu tofauti. Siku zote tia kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, maana huchemka na kuruka. Vaa glavu na miwani ya kinga. Tone moja jichoni linaweza kupofusha.

Filamu kavu inahitaji kitu laini zaidi: kaboneti ya sodiamu, gramu 10 kwa lita. Ni zao la Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako huchimbwa na kusafishwa kwa matumizi ya viwandani. Magadi ghafi ya sokoni, yale ya kupikia maharage, yana kemikali hiyo ikiwa imechanganyika na nyingine na udongo, kwa hiyo gramu 10 zake si gramu 10 za kweli. Ukikosa iliyosafishwa, chukua soda ya kuokea mikate, itandaze kwenye trei na kuioka kwa saa moja hivi katika joto la nyuzi 200, inageuka kaboneti. Filamu hii hupenda maji ya nyuzi 30 hivi, joto ambalo maji ya bombani pwani hulikaribia yenyewe. Kumbuka kubandua plastiki ya juu ya filamu kabla ya kuizamisha.

Kuila shaba

Dawa iliyozoeleka ni feriki kloraidi, maji ya rangi ya kahawia nzito yanayotia doa lisilotoka kwenye nguo, sakafu na sinki. Ipashe joto hadi nyuzi 40 au 50 kwa kuweka chombo chake ndani ya beseni la maji ya moto, na uitikise polepole. Ikiwa bado na nguvu, shaba huisha kwa dakika kumi hadi ishirini. Tumia plastiki au kioo tu. Sufuria ya alumini isikaribie kazi hii hata kidogo: feriki kloraidi huishambulia kwa joto kali, na kostiki nayo huishambulia ikitoa hewa ya haidrojeni inayolipuka.

Dawa haili shaba kwenda chini tu, hula na pembeni chini ya utando. Ndiyo maana bodi iliyosahauliwa majini hupoteza njia zake nyembamba hata kama picha ilikuwa kamili. Itoe mara shaba ya mwisho inapotoweka. Kwa utaratibu huu njia za milimita 0.3 ni jambo la kawaida, na 0.2 inawezekana kwa uangalifu. Kwa mzigo wa umeme, njia ya upana wa milimita moja hubeba ampea mbili bila kupata joto la kutisha.

Kilichobaki ni kuondoa utando kwa asetoni, kutoboa matundu (milimita 0.8 kwa vifaa vingi, 1.0 kwa vikubwa) ukiwa umevaa barakoa kwa sababu vumbi la fibaglasi ni baya kwa mapafu, na kuipaka shaba lehemu au vanishi. Kwa wakazi wa pwani hatua hii ya mwisho si hiari: chumvi na unyevu hugeuza shaba tupu kuwa ya kijani haraka.

Si uagize tu Uchina?

Hii ndiyo hoja kubwa dhidi ya kazi yote hii. Viwanda vya China hutangaza bodi tano za sentimita 10 kwa 10 kwa dola chache tu, zikiwa na pande mbili, matundu yaliyopakwa shaba ndani na rangi ya kijani juu. Nyumbani huwezi kupaka shaba ndani ya matundu kwa urahisi. Itabidi upitishe kipande cha waya na kukilehemu pande zote mbili. Kwa bodi ya mwisho, ile utakayomuuzia mteja, kiwanda kinashinda na hakuna haja ya kubishana.

Lakini bodi ya mwisho huzaliwa na bodi zilizokosewa. Nauli ya mzigo mara nyingi huzidi bei ya bodi zenyewe, na kusubiri ni kwa wiki kadhaa. Ukigundua siku zinapofika kwamba umeunganisha mguu usiohusika, unaagiza tena na kusubiri tena. Nyumbani kosa linaonekana jioni ileile na kurekebishwa kesho yake. Aliyesahihisha mchoro wake kwenye bodi mbili za nyumbani kisha akaagiza kiwandani mara moja ametumia muda mfupi kuliko aliyeagiza mara tatu. Njia ya mwanga inafaa zaidi hapa, kwa kuwa faili lilelile la mchoro linalotoa plastiki yako ndilo litakalotumwa kiwandani, na njia zake nyembamba zinalingana na za bodi halisi. Bodi ya kalamu haiwezi kukujaribia mchoro huo.

Maji yaliyobaki

Pingamizi la mwisho ndilo lisilo na jibu jepesi. Feriki kloraidi iliyotumika imejaa shaba iliyoyeyuka, na shaba huua samaki na konokono wa majini hata ikiwa kidogo. Usiimwage chooni, wala kwenye mtaro, wala shambani. Inaweza kutumika bodi nyingi kabla ya kuchoka, kwa hiyo ihifadhi kwenye chupa ya plastiki yenye lebo, mbali na watoto. Ikichoka, ongeza kaboneti ya sodiamu kidogo kidogo ndani ya ndoo pana, kwani inatoa povu jingi, mpaka povu liishe. Shaba na chuma vitazama chini kama tope. Tope hilo likaushwe, lifungwe kwenye chombo kisichovuja na kukabidhiwa kwa wanaoshughulikia taka hatarishi. Tanzania, kemikali za aina hii ziko chini ya sheria ya mwaka 2003 inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na ofisi zake ndizo za kuulizwa.

Kama unaishi chumba kimoja na watoto wadogo, huna mahali pa kufungia kemikali wala dirisha la kupitisha hewa, usifanye kazi hii nyumbani. Tafuta karakana ya chuo iliyo jirani, au agiza bodi zako kiwandani na uvumilie kusubiri.